Shajara ya mradi: kupima asteroidi zinazopita karibu na dunia, kutoka juu ya paa Kisauni

16 Februari 2025: tunaanza

Hii naiweka kwa anayetaka kufuata ama kuiga, ntaongeza kila tukimaliza hatua. Tuko watatu: mie, binamu yangu ambaye ni fundi wa simu, na mwalimu mmoja wa fizikia. Kituo ni paa la zege la nyumba ya ghorofa nne hapa Kisauni, Mombasa, bahari iko mashariki, taa za kisiwani ziko kusini magharibi na ndizo zinatuharibia anga.

Kilichotuchokoza ni hii asteroidi (jiwe la angani) iitwayo 2024 YR4. Wiki hizi mbili kila grupu niliyomo mtu ashatuma ile ramani ya mstari unaoanzia Pasifiki ukakatiza Amerika Kusini, Afrika hadi India, ati jiwe litaanguka 22 Desemba 2032. Jiwe lenyewe lina upana wa kati ya mita 40 na 90, liligunduliwa na darubini ya ATLAS kule Chile tarehe 27 Desemba, siku mbili BAADA ya kutupita kwa kama kilomita 829,000. Mwisho wa Januari uwezekano wa kutugonga ulivuka asilimia 1 na sai uko 2 na kitu, kwenye kipimo cha hatari cha Torino (0 hadi 10) limepewa 3. Na watu bado wana ile pete ya chuma ya Mukuku, Makueni kichwani, ile ya kilo 500 iliyoanguka 30 Desemba, ingawa ile ni takataka ya roketi wala haihusiani na mawe ya angani.

Juzi bibi wa nyumba ya chini kanisimamisha ngazini. Nshamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akauliza moja kwa moja, "Mwanangu, hilo jiwe latua huku ama lapita?" Nikamwambia bibi, lapita, uwezekano wa kupita ni asilimia 97. Akanitazama tu. "Na hizo tatu zilobaki?" Sikuwa na jibu la kumtosha, manake nilikuwa nimekariri namba bila kujua inapikwa vipi.

Basi mradi una pande mbili. Kwanza darubini ndogo ipime mahali asteroidi ilipo kwa usahihi ambao Minor Planet Center kule Marekani, ndio wanaokusanya vipimo vya dunia nzima, watavikubali. Pili tujue kutoka kipimo hadi asilimia kuna nini katikati. YR4 yenyewe hatutaipata, ishafifia, sai ni kazi ya vioo vikubwa.

Matumizi hadi leo: darubini ya kioo cha milimita 150 pamoja na maunti yake (kile chuma kinachoibeba na kuizungusha kufuata nyota), mtumba kwa mtu aliyekuwa anahama, Ksh 75,000. Kamera ya angani isiyo na rangi Ksh 52,000 na ushuru ndani. Ukiunganisha hizo mbili kila pikseli inashika kama sekunde 1 ya pembe, yaani digrii moja ukiigawa mara 3,600.

14 Machi 2025: maunti haitaki Mombasa

Kufunga na kuwasha hakuna cha kueleza, fuata kitabu. Shida ni mahali tulipo.

Maunti ya aina hii mhimili wake unatakiwa uelekee ncha ya anga. Huko Ulaya wanatazama nyota ya kaskazini, wanaweka digrii 50 hivi, wamemaliza. Sisi tuko digrii 4 kusini ya ikweta, nyota ya kaskazini iko chini ya upeo wa macho, na ncha ya kusini iko digrii 4 tu juu ya ardhi, kwetu hapa iko nyuma ya tangi la maji la jirani. Isitoshe skrubu ya maunti yetu inagota kwenye digrii 15, chini ya hapo haiendi, ikabidi tuinamishe tripodi nzima kwa kuweka matofali chini ya miguu na ikitazama mashariki au magharibi karibu na upeo kile chuma cha uzani kinashuka wima kinagonga mguu wa tripodi, kwaa, na mota inaendelea kusukuma. Tulisikia meno yanalia. Mkiiga hili msiache maunti ijiendeshe bila mtu kusimama hapo.

Halafu kusini yenyewe iko wapi. Dira juu ya paa la zege ni kujidanganya, nondo zilizo ndani zinaivuta, ukisonga hatua mbili inakupa kusini nyengine. Mwalimu akasema tutumie kivuli cha adhuhuri, fimbo wima, kivuli kikiwa kifupi kabisa ndio mstari wa kaskazini na kusini. Wazo zuri miezi mengine. Lakini mwezi wa tatu jua la Mombasa liko utosini, karibu na tarehe 10 linapita digrii 4 kusini, yaani juu yetu kabisa, tukafunga saumu na jua lile tukisubiri kivuli na fimbo haina kivuli! Kimejikunja chini yake kama paka.

Kilichofanya kazi: programu ya bure ya NINA ina kiongezo cha kupanga mhimili kwa nukta 3. Unapiga picha sehemu tatu za anga, programu inatambua nyota, inakwambia mhimili umekosea kiasi gani na upande upi, wala huhitaji kuiona ncha. Tukifanya baada ya tarawehe mpaka daku, usiku wa Ramadhani hakuna anayekuuliza mbona hujalala.

2 Aprili 2025: nguzo

Tumeachana na tripodi. Fundi wa kuchomelea wa Kongowea katutengenezea nguzo ya bomba la inchi 4, juu yake bamba limeinama digrii 12 kuelekea kusini na limetokeza mbele ili uzani upite bila kugonga. Mwanzo alitaka kulinyoosha bamba, akidhani mchoro umekosewa. Ksh 7,500. Skrubu sai imekaa kwenye 16, kuna nafasi ya kurekebisha juu na chini. Kuzuia mtetemo tumeijaza bomba mchanga.

25 Mei 2025: masika, kazi ya mezani

Mvua na mawingu tu, kwa hivo tumegeukia upande wa pili, ile asilimia. Vipimo vyote vya YR4 viko wazi kwenye Minor Planet Center na programu ya Find_Orb ni bure. Tulichofanya: tunachukua vipimo vyote, tunaondoa vile vya baada ya tarehe fulani, kisha programu inatunga njia nyingi zinazokubaliana na vilivyobaki, tunazipeleka zote hadi 22 Desemba 2032 tuone ngapi zinagusa dunia. Halafu tunaongeza vipimo vya siku zinazofuata, tunarudia.

Hili fanyeni wenyewe, hata bila darubini, manake hakuna maelezo yanayoingia kichwani kama kuona zile nukta. Ukichora njia zote kwenye ile siku ya 2032 hazitawanyiki kama mpira, zinajipanga mstari mrefu mwembamba wa malaki ya kilomita, na dunia ni kitone kimoja ndani ya huo mstari. Urefu wa mstari ni kutojua kwetu jiwe litafika saa ngapi. Njia yake twaijua vizuri kuliko wakati wake. Na dunia nayo haingoji, inakwenda karibu kilomita 30 kwa sekunde, kwa dakika 7 hivi inakuwa ishasonga upana wake mzima. Jiwe likichelewa robo saa linakuta patupu.

Sasa kwa nini asilimia ilipanda hadi 3.1 tarehe 18 Februari halafu ndani ya siku chache ikaporomoka hadi 0.004? Watu mtaani walisema wameficha kitu. Kwenye hesabu yetu imepanda na kushuka vivyo hivyo, si namba zile zile sawasawa lakini mwendo ni mmoja. Vipimo vikiongezeka mstari unafupika, na kadiri dunia ingali ndani yake inachukua sehemu kubwa zaidi ya mstari, asilimia inapanda ingawa jiwe halijabadili chochote. Siku ncha ya mstari inapoivuka dunia, basi, imekwisha. Asteroidi Apophis ilifanya hivo hivo Desemba 2004, ikafika asilimia 2.7, Torino 4, mpaka watu wakapekua picha za zamani wakaikuta kwenye za mwezi Machi mwaka ule ule na hatari ya kutugonga 2029 ikaondolewa. Kwa hivo kupanda peke yake si habari. Habari ni mstari umebaki urefu gani, na hiyo magazeti hayaandiki.

Bibi wa chini nimemrudia na laptopu nikamwonesha. Akaelewa haraka kuliko mie, akasema kumbe hawa hawaogopi jiwe, wanalitafuta saa yake. Sai YR4 kwa dunia ni sifuri, imebaki kama asilimia 4 ya kuugonga mwezi siku ile ile.

6 Julai 2025: saa

Hii ndio hatua iliyotula. Someni taratibu.

Mwezi wa sita anga ilifunguka vipande vipande, upepo wa kusi unatikisa bomba lakini kazi inaenda. Tukaanza na asteroidi za mkanda mkuu kati ya Mirihi na Mshtarii, zenye namba, njia zake zinajulikana vizuri, tunapima kwa programu ya Astrometrica kwa kutumia katalogi ya nyota ya Gaia, tunalinganisha na mahali hesabu inasema zilikuwa. Tofauti sekunde 0.3, 0.4 za pembe. Tukapigana mikono.

Kisha tukalenga moja ya karibu na dunia, ilikuwa inakimbia kama sekunde 20 za pembe kwa dakika. Tofauti: sekunde 5 za pembe na zaidi. Tukarudia usiku mwengine, vile vile. Binamu akasema lenzi, mwalimu akasema mhimili, tukafungua kioo bure tukakifunga.

Jibu lilikuwa kwenye mwelekeo. Tofauti zote zililala kwenye mstari ule ule asteroidi inaokwenda, hakuna hata moja iliyokwenda pembeni. Kosa la kupima nyota hutawanyika pande zote. Kosa likifuata njia ya jiwe peke yake, hilo ni kosa la saa. Na zile za mkanda mkuu zilituficha kwa sababu ni nzito wa mwendo, nusu sekunde ya pembe kwa dakika, ukikosea saa kwa sekunde 15 haionekani hata kidogo. Kwa hivo yeyote anayejisifu na vipimo vya asteroidi za polepole hajapima saa yake.

Sekunde 15 ndio zilikuwa zenyewe. Fremu (picha moja moja) zetu ni za sekunde 30, programu ya kamera iliandika wakati wa KUANZA fremu na sisi tukautuma kama wakati wa katikati. Kurekebisha ni mstari mmoja kwenye mipangilio.

Ikabaki kama nusu sekunde ya pembe, bado kwenye mstari ule ule. Hiyo ni saa ya laptopu, ambayo hujilinganisha na mtandao mara moja moja, na mtandao wa simu huku juu unakuja na kuondoka. Tukanunua GPS ya USB, ikawa haitulii, mara robo sekunde mara zaidi, kwa sababu ujumbe wake unafika kwenye kompyuta ukiwa umechelewa na kuchelewa kwenyewe hakuko sawa. Ile hela imekwenda. Kinachotakiwa ni moduli ya GPS yenye waya wa mpigo wa kila sekunde, binamu akaichomea kwenye bodi ndogo, jumla Ksh 2,200, sai laptopu haipotei.

Kuhakikisha, tukapiga picha za setelaiti za GPS zenyewe. Mahali pake panajulikana kwa usahihi wa ajabu na zinapita zaidi ya sekunde 30 za pembe kila sekunde, kwa hivo hata kuchelewa kwa sehemu ya kumi ya sekunde kunaonekana waziwazi. Tukakuta kamera yenyewe inachelewa kama sekunde 0.2 kila mara, tumeiingiza kwenye hesabu.

Na kuna saa nyengine iliyotusumbua, ya daftari. Mwalimu aliandika saa 2:14, mie nikiandika 20:14, laptopu inasema 17:14, yote ni wakati mmoja. Tena mie nikisema usiku wa Jumanne namaanisha ule unaoamkia Jumanne, kama tulivyolelewa, mwalimu wa bara anamaanisha Jumanne yenyewe ikishaingia giza. Usiku mzima wa vipimo ulibandikwa tarehe ya jana yake. Sasa daftari ni UTC tupu (saa ya kimataifa, ile ya laptopu), na limeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye jalada: tarehe inabadilika saa 9 usiku.

17 Agosti 2025: chumvi

Ule mchanga tuliojaza kwenye bomba mmoja wetu aliuleta kutoka ufuoni, bure. Una chumvi. Bomba limeanza kutoa maji ya kutu chini kwenye mshono, tumeugonga wote ukatoka, tumesugua, rangi ya kuzuia kutu, tumejaza mchanga wa ujenzi uliooshwa na kukaushwa. Ksh 3,000 ambazo hazikuwa kwenye bajeti. Kioo nacho kilianza madoa ya ukungu pembeni, dawa ni ile ya zamani ya kutunzia nguo: kabati lenye balbu ndogo inayowaka muda wote, darubini inalala humo. Kamera iko kwenye kopo la plastiki na vile vipakiti vya kukaushia kutoka maboksi ya viatu. Stima ikikatika tuna betri ya gari, Ksh 11,000.

20 Septemba 2025: FA22

Tarehe 7 mwezi ulipatwa wote, jengo zima lilikuja juu, waliokuwa hawajui tuna darubini wamejua. Baada ya swala mzee mmoja akauliza kama tutahamia Ngomeni, kule walikorushia ile setelaiti ya Uhuru 1970. Bado mzee.

Jaribio lenyewe lilikuwa 2025 FA22. Iligunduliwa Machi na darubini ya Pan-STARRS 2 ya Hawaii, upana mita 130 hadi 290, ikawekwa Torino 1 kwa sababu ya uwezekano wa kutugonga mwaka 2089, kabla ya mwezi wa sita vipimo vikaiondoa. Tarehe 18 ikatupita kwa kilomita 840,000 hivi, zaidi ya mara mbili ya umbali wa mwezi, na vituo vya nchi nyingi viliifanya zoezi.

Usiku wa kuamkia siku hiyo ilikuwa inakwenda kama sekunde 2 za pembe kila sekunde. Fremu ya sekunde 30 ingekuwa mkwaruzo tu. Tukashuka hadi sekunde 2, peke yake fremu imejaa chenga huoni kitu, lakini ukizipandanisha nyingi huku ukisogeza kila moja kwa kasi ya jiwe, nyota zinakuwa mistari na jiwe linakuwa nukta. Mawingu yalitupa kama dakika 40. Tofauti zetu: chini ya sekunde 1 ya pembe, na zimetawanyika pande zote. Huko kutawanyika kulinifurahisha kuliko udogo wenyewe. Bila ile GPS ya Ksh 2,200 tungekosea kwa sekunde kadhaa za pembe.

Angalizo kwa wanaoiga: kwa mawe madogo zaidi onyo huwa saa chache. 2008 TC3, mita 4 hivi, iligunduliwa 6 Oktoba 2008 na kesho yake ikalipuka juu ya jangwa la Nubia, Sudan, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Khartoum ndio waliotembea jangwani wakaokota vipande. Kazi ya darubini kama zetu si kugundua, darubini kubwa ya Rubin ya Chile ilionesha asteroidi mpya 2,104 kwenye picha zake za kwanza tu mwezi Juni, hatuwezi kushindana. Kazi yetu ni kufuatilia zilizokwisha gunduliwa kabla mstari haujarefuka zikapotea.

30 Novemba 2025: tumetuma

Vuli imetuachia nafasi kidogo. Eros, ya kwanza ya jamii hii kugunduliwa, 1898, iko angavu mwezi huu na upande wetu wa kaskazini uko wazi, kwa hivo tumeifanya kipimo cha mwisho pamoja na asteroidi kadhaa zenye namba, kila moja kwa usiku zaidi ya mmoja. Faili limekwenda Minor Planet Center kuomba msimbo wa kituo. Likirudi na makosa ntayaweka hapa yote.

Jumla mpaka leo, ukiweka na vitu vidogo vidogo vya kama 6,000, na ile rangi ya kutu: karibu Ksh 157,000. Ile GPS ya USB iliyokataa sijaihesabu, binamu kaiuza.

Kinachofuata ni Apophis, 13 Aprili 2029. Itapita kama kilomita 32,000 juu ya ardhi, chini ya setelaiti za televisheni, Afrika tutaiona kwa macho bila chombo, karibu kabisa ikiwa ni saa 7 kasorobo usiku wa kuamkia tarehe 14 kwa saa zetu. Radar ya 2021 ishaondoa hatari yake kwa miaka 100 ijayo. Tatizo letu ni kwamba Aprili Mombasa ni masika, na nguzo nzito kama ile haishuki ghorofa nne. Kwa hivo tunatengeneza ya pili, fupi, inayofunguka vipande viwili ikaingia kwenye buti la probox, twende nayo upande wa Lodwar ama popote utabiri utakaposema. Fundi wa Kongowea anataka Ksh 9,000, tunabishania bamba, safari hii anataka kuliinamisha zaidi.